Tufaha la Kupikia Si Tufaha Bichi

Ukifuata mapishi ya pai ya matufaha mtandaoni, mapema tu utakutana na maneno matatu yanayokwamisha wengi: "matufaha ya kupikia". Huelezwi ni yapi, yanatofautianaje na yale uliyo nayo kwenye bakuli, wala kitatokea nini ukitumia hayo hayo uliyo nayo. Mmoja atadhani ameambiwa atafute matufaha ambayo hayajaiva. Mwingine atachukua ya kijani kwa sababu ya rangi tu. Wa tatu atatumia lolote lililo karibu, na pai ikitoka kwenye oveni anakuta vipande vikavu visivyo na ladha, au uji ulioloanisha ukoko wote wa chini. Hapo lawama humwangukia mpishi. Kwa maoni yangu, mara nyingi mpishi hana hatia. Tumezoea kulihesabu tufaha kuwa tunda moja, ilhali ni maelfu ya matunda yenye tabia tofauti yanayotumia jina moja.

Jina lenyewe nalo linahitaji kunyooshwa. Neno tufaha limetoka kwenye Kiarabu, na katika Kiswahili cha pwani limetumika pia kwa tunda jingine kabisa, lile laini lenye umbo kama la kengele, ambalo mti wake ni ndugu wa mkarafuu. Hapa nazungumzia lile ambalo wengi huliita epo, tunda la nchi za baridi lenye mbegu ndogo za kahawia katikati. Asili yake ni milima ya Tian Shan huko Asia ya Kati, hasa Kazakhstan, ambako misitu ya matufaha mwitu ingalipo. Mwaka 1929 mtaalamu wa mimea wa Urusi, Nikolai Vavilov, alifika karibu na mji ambao leo unaitwa Almaty, akaona miti ya matufaha mwitu imefunika miteremko, akatambua kwamba hapo ndipo chimbuko la tufaha la bustanini. Utafiti wa vinasaba uliofanywa miongo mingi baadaye ulithibitisha alichokiona.

Neno la pili ni "aina". Bramley, tufaha kali la kupikia la Uingereza, ni aina, Granny Smith ni aina, Golden Delicious ni aina. Aina ya jadi ni ile ya zamani, ambayo mara nyingi iliota yenyewe uani au pembeni mwa shamba, mtu akaionja, akaipenda, akaigawa kwa majirani. Inatofautiana na aina za kisasa kama Honeycrisp, ambayo Chuo Kikuu cha Minnesota kiliitoa mwaka 1991 baada ya miaka ya kuchavusha maua kwa makusudi na kuchuja miche.

Sasa tuje kwenye "kupikia". Tufaha la kula hupimwa kwa meno: liwe na maji, livunjike kwa mlio, utamu na uchachu vikutane mdomoni. La kupikia hupimwa baada ya kupita motoni, na moto hubadilisha karibu kila kitu. Kwanza hufukuza harufu. Ile manukato ya tufaha bichi ni kemikali nyepesi zinazoruka na mvuke, ndiyo maana jikoni kunanukia vizuri wakati sufuria inazidi kufifia ladha. Kinachobaki na kuvumilia ni asidi. Kubwa katika tufaha ni asidi ya maliki, ambayo mkemia wa Uswidi Carl Wilhelm Scheele aliitenga kutoka kwenye maji ya matufaha mwaka 1785, na jina lake limetokana na neno la Kilatini la tufaha. Tufaha tamu lenye asidi kidogo likipikwa hubaki kama maji ya sukari. Tufaha kali, lile linalokukunja uso ukiling'ata, likipikwa na kuongezwa sukari hutoa ladha iliyonyooka ambayo bado unaitambua kuwa ni ya tufaha.

Hapo ndipo uvumi wa "bichi" unapozaliwa. Mtu huonja Bramley, akakunja uso, akasema halijaiva. Lakini ukali si ubichi. Wakulima wana kipimo kizuri cha jambo hili: hukata tufaha katikati, wakapaka iodini kwenye nyama yake. Tunda lisiloiva limejaa wanga, kwa hiyo hugeuka rangi ya bluu iliyokolea hadi kukaribia weusi. Kadiri linavyoiva wanga hugeuka sukari, na doa hupungua kuanzia kwenye moyo wa tunda kwenda nje. Bramley lililoiva hupita katika safari hiyo hiyo. Sukari imo, ila imefunikwa na asidi nyingi. Ukitaka alama rahisi, tazama mbegu: katika tunda lililoiva huwa za kahawia, si nyeupe. Na anayezijua ndizi hahitaji kushawishiwa sana, kwa kuwa anajua kwamba ndizi ya kupika si ndizi ya kula iliyochumwa mapema. Ni aina nyingine, ina kazi nyingine.

Rangi nayo haisemi kitu. Bramley ni kijani lenye wekundu upande mmoja, lakini Norfolk Beefing, tufaha la zamani la kupikia la mashariki mwa Uingereza, lina wekundu uliokolea karibu na zambarau. Belle de Boskoop la Uholanzi lina ngozi ya kukwaruza kama kutu. Granny Smith ni kijani kabisa, na watu wengi duniani hulila hivi hivi.

Weka sufuria mbili

Maelezo haya yote ni mepesi kuyaelewa ukiyaona kwa macho. Chukua Bramley kwenye sufuria moja, Golden Delicious kwenye nyingine, vipande vya ukubwa mmoja, maji kiasi cha vijiko viwili kila moja, moto mdogo, bila sukari. Dakika chache za mwanzo hakuna tofauti. Kisha kingo za Bramley zinaanza kuchanika. Vipande vinavimba, vinapoteza pembe, na ghafla, ndani ya muda mfupi sana, vinaporomoka kuwa povu jepesi la rangi ya kijani iliyopauka. Huhitaji kuponda, mwiko ukipita mara moja kazi imekwisha. Katika sufuria ya pili vipande bado vipo. Vimelainika, vimekuwa na mwangaza kama kioo chenye ukungu, lakini ukikiinua kimoja kwa uma kinakuja kizima.

Sababu iko kwenye gundi. Nyama ya tunda ni chembe hai ndogo ndogo zilizopangwa kama matofali, na kati yake kuna dutu iitwayo pektini inayozishikanisha, kama saruji ukutani. Joto hulegeza pektini. Katika aina fulani saruji hiyo huachia haraka, chembe hutengana, na ukuta mzima huanguka. Katika nyingine hushikilia muda mrefu. Si swali la ubora. Ukitaka mchuzi laini wa tufaha, unataka ukuta uanguke. Ukitaka pai yenye vipande vinavyoonekana, unataka ukuta usimame.

Kuna hila moja jikoni ambayo nadhani ina faida kuliko orodha ndefu ya majina. Sukari hukaza tunda. Ukiitia mwanzoni, hunyonya maji ya tunda na kuchelewesha kuyeyuka kwa pektini, hivyo vipande hudumu. Ukitaka rojo, pika tunda kwa maji matupu hadi lilainike, sukari ije mwisho. Matufaha yale yale, sukari ile ile, ila saa ya kuitia ndiyo inayoamua.

Na hapa ndipo panapochanganya watu wengi zaidi. Mapishi ya Uingereza yakisema tufaha la kupikia, kwa kawaida yana maana ya Bramley, na yamehesabu kwamba litaporomoka na litahitaji sukari nyingi. Waingereza wamezitenganisha kambi mbili, za kula na za kupika, kuliko karibu watu wengine wote. Mapishi ya Marekani kwa kawaida humaanisha Granny Smith au tufaha jingine linalosimama motoni huku likiwa na uchachu wa kutosha. Mapishi ya Ufaransa, hasa ya ile pai ya kupindua iitwayo tarte Tatin, hutaka nyama ngumu isiyosambaratika hata ikikaa muda mrefu katika siagi na sukari iliyoungua; ukiweka Bramley humo, ukipindua sinia utapata mchuzi juu ya ukoko. Kwa hiyo kabla ya kubadilisha aina, uliza kwanza mapishi yametoka wapi, na yanategemea tunda lisimame au lianguke.

Mbegu hairudishi mama

Swali ninalokutana nalo mara kwa mara ni hili: kama aina hizi za jadi ni nzuri, kwa nini watu wasipande mbegu zake? Jibu ni kwamba mbegu ya Bramley haitoi Bramley. Ua la mtufaha kwa kawaida hukataa chavua ya mti wake wenyewe. Linataka chavua ya aina nyingine. Kila mbegu basi ina baba na mama tofauti, na ni mtoto mpya kabisa, kama watoto wa nyumba moja wasivyofanana. Panda mbegu tano za tufaha moja, utapata miti mitano yenye matunda ya namna tano, na yaelekea yote yatakuwa madogo, makali au yenye ukakasi.

Historia ya Marekani ina mfano wake. John Chapman, aliyezaliwa mwaka 1774 na kufariki mwaka 1845, anayekumbukwa kwa jina la Johnny Appleseed, alipanda vitalu vya matufaha kwa mbegu akielekea magharibi pamoja na walowezi. Alikataa kubebesha miti, yaani kuunganisha kijiti cha mti mmoja kwenye shina la mwingine. Matunda mengi ya miti kama hiyo hayakufaa mezani. Yalikamuliwa kuwa sida, yaani kinywaji kilichochachushwa.

Njia ya kawaida ya kuitunza aina ni kubebesha, wengine husema kupandikiza: unakata kijiti cha mti unaoupenda, unakifunga kwenye shina la mtufaha mwingine, vinaungana na kukua kama mti mmoja. Kijiti hakibadilishwi na shina lililokibeba. Matunda yake ni yale yale ya mti wa kwanza. Maana yake, Bramley zote duniani ni matawi ya mti mmoja ambao umekuwa ukirefushwa kwa kisu na kamba kwa zaidi ya miaka 150.

Mti huo una anwani. Mwaka 1809, katika mji mdogo wa Southwell huko Nottinghamshire, Uingereza, msichana aliyeitwa Mary Ann Brailsford alipanda mbegu za tufaha. Mche mmoja ukashika bustanini. Yeye akaolewa, akahama, akafariki bila kujua mti wake ungekuwa nini. Mwaka 1846 nyumba hiyo ilinunuliwa na mchinja nyama aliyeitwa Matthew Bramley. Miaka kumi baadaye kijana wa familia ya wauza miche, Henry Merryweather, aliomba vijiti vya kubebesha. Bramley akakubali kwa sharti moja: tunda liitwe kwa jina lake. Ndivyo jina la mwenye nyumba lilivyokaa midomoni mwa wapishi na la aliyepanda likasahaulika, jambo ambalo mimi binafsi linaniuma kila nikilisoma.

Bramley lina ajabu nyingine. Mitufaha mingi ina kromosomu 34, yaani nyuzi zinazobeba vinasaba ndani ya kila chembe hai. Bramley ina 51, seti tatu badala ya mbili. Kwa sababu hiyo mti wake huwa mkubwa na wenye nguvu, lakini chavua yake haifai kuchavusha wengine. Anayeupanda bustanini anahitaji miti ya aina nyingine mbili karibu, ili hizo zichavushane zenyewe na Bramley nayo ipate.

Granny Smith ina kisa kinachofanana. Maria Ann Smith alikuwa mkulima huko Eastwood, karibu na Sydney, Australia. Mche uliota wenyewe shambani kwake, inasimuliwa kuwa mahali alipotupa mabaki ya matufaha, na kufikia mwaka 1868 wakulima wenzake walikuwa wamekuja kuutazama. Alifariki mwaka 1870, kabla tunda lake halijajulikana nje ya eneo lake. Wanawake wawili, mabara mawili, na miche miwili ambayo hakuna aliyeipanga.

Kwa nini zilihifadhiwa

Aina za jadi zilidumu kwa sababu kila moja ilikuwa na kazi. Katika nchi ambazo majira ya baridi hukata mavuno kwa miezi, familia ilihitaji tufaha la kuliwa Agosti, la kupikwa Oktoba, na jingine la kukaa ghalani hadi Machi. Norfolk Beefing lilikuwa gumu kiasi kwamba lilihifadhika vizuri sana, na waokaji waliliweka katika oveni zilizokuwa zikipoa baada ya kutoa mikate, likiwa limekandamizwa kwa uzito juu yake, hadi likawa bapa, tamu, lenye ngozi iliyokunjamana. Antonovka la Urusi hustahimili baridi kali na hutengenezewa pastila, kitafunwa cha rojo ya tufaha iliyopigwa na kukaushwa. Boskoop, lililogunduliwa mwaka 1856, hupendwa Uholanzi na Ujerumani kwa kuoka kwa sababu ya ukali wake. Huko London, wachuuzi wa matunda wa mitaani walipata jina lao kutokana na tufaha moja kubwa la kupikia la zama za kati lililoitwa costard.

Ghala pia hubadilisha tunda. Tufaha lililochumwa linaendelea kupumua, na katika kupumua hutumia asidi yake. Bramley la Oktoba na Bramley lile lile la Machi hayataki sukari sawa. Onja kabla ya kupima.

Leo maduka mengi duniani hubeba aina chache tu, zile zinazovumilia safari, zenye ukubwa mmoja na ngozi inayong'aa. Nyingine zimebaki kwenye bustani za watu na katika hifadhi kama ile ya Brogdale, Kent, ambako Uingereza inatunza zaidi ya aina 2,000 za matufaha. Hata hivyo tusizitukuze kupita kiasi. Wapo wanaodai kwamba aina za jadi haziugui wala hazihitaji dawa. Si kweli. Cox's Orange Pippin, moja ya aina zinazosifiwa sana kwa ladha, ni maarufu pia kwa kuugua ovyo. Zipo za jadi zenye kinga nzuri na zipo dhaifu, kama ilivyo kwa za kisasa.

Matunda mengine yanayosubiri moto

Tufaha haliko peke yake. Yupo jamaa yake aitwaye kwinsi, wa rangi ya manjano, mwenye manyoya laini kwenye ngozi na harufu inayojaza chumba. Mbichi ni gumu kama mti na ukakasi wake hukausha ulimi. Lipike polepole kwa saa kadhaa na sukari, na kitu cha ajabu hutokea: nyama yake iliyopauka hugeuka waridi, kisha nyekundu kama kito. Zile dutu zilizoleta ukakasi ndizo, zikikaa motoni pamoja na asidi ya tunda, hubadilika kuwa rangi. Wareno huliita marmelo, na rojo yake nzito marmelada. Hapo ndipo lilipotoka neno mamaledi, ambalo baadaye lilihamia kwenye machungwa.

Machungwa yenyewe ya mamaledi ni yale machungu ya Seville, yasiyolika hivi hivi lakini yenye pektini nyingi kwenye mbegu na ngozi nyeupe ya ndani. Cheri kali kama Morello hupikwa kwa sababu hiyo hiyo ya asidi. Zipo pia peasi za zamani, mfano Black Worcester, ambazo hazilainiki hata ukizisubiri miezi, zinataka sufuria. Medla (medlar kwa Kiingereza) ni kinyume chake: huachwa lilainike na kugeuka kahawia, hadi asiyelijua angelitupa, ndipo huliwa au kufanywa jeli. Rubabu (rhubarb kwa Kiingereza), ambalo huingia kwenye pai hizo hizo, kibotania ni bua la jani, ingawa mwaka 1947 mahakama ya forodha ya Marekani iliamua lihesabiwe kuwa tunda, kwa kuwa hivyo ndivyo wapishi walivyolitumia.

Anayetengeneza jemu atafaidika kujua kwamba jemu hushika kwa mambo matatu yakikutana: pektini, asidi na sukari. Stroberi zina pektini kidogo, ndiyo maana jemu yake hukataa kushika. Matufaha makali, kwinsi na matufaha mwitu yamejaa pektini, hasa kwenye maganda na moyo. Badala ya kuyatupa maganda hayo, yafunge kwenye kitambaa safi, yachemshe pamoja na stroberi, kisha uyatoe.

Hofu mbili ndogo za mwisho. Tufaha lililokatwa likageuka kahawia halijaoza. Kimeng'enya chake kimekutana na hewa, na tone la ndimu hukituliza. Mbegu nazo zina amigdalini, dutu inayoweza kutoa sianidi ikisagwa, lakini mbegu chache zilizomezwa nzima hupita bila madhara. Usizisage tu kwenye sharubati.

Na kama ulicho nacho ni aina moja tu, tena tamu? Punguza sukari, ongeza maji ya ndimu hadi rojo ikuchangamshe ulimi, na uache vipande vikubwa, kwa kuwa yaelekea vitasimama. Ukiwa na mbili, changanya: lenye kuporomoka liwe mchuzi, lenye kusimama liwe vipande ndani yake.

Mti wa Southwell uliangushwa na upepo mwanzoni mwa karne ya 20, lakini shina lililolala lilichipua tena na kuendelea kuzaa. Sasa umeshambuliwa na kuvu wa mizizi asiyetibika, na Chuo Kikuu cha Nottingham Trent ndicho kinachoutunza tangu mwaka 2018. Vijiti vyake vilishakatwa na kubebeshwa kwenye mashina machanga, ambayo tayari yanatoa matufaha yale yale makali.